Historia ya DPDK isielezwe kama habari ya kasi peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kurasa za teknolojia za magazeti yetu ya Kiswahili huligusa kwa nadra, na zikiligusa huliacha katikati. Mtandao unapoongezeka kasi, msomaji huelezwa habari za mkongo wa baharini, minara ya simu na masafa. Haelezwi kwamba pakiti ya data ikishafika mwisho wa mkongo bado ina safari nyingine fupi ndani ya seva, na kwamba kwa miaka mingi foleni ilikuwa inajipanga katika safari hiyo fupi. Mojawapo ya programu zilizofanya kazi kubwa ya kuiondoa foleni hiyo inaitwa DPDK, kifupi cha Data Plane Development Kit. Ni maktaba ya programu inayomwezesha mwandishi wa programu kuzungumza na kadi ya mtandao moja kwa moja, bila kupitia kerneli, yaani sehemu ya ndani ya mfumo endeshi inayosimamia vifaa vya mashine. Mimi ni mhandisi wa mitandao, na vijana ninaofanya nao kazi huja wakiwa wamekwisha kusikia sifa zake kana kwamba ni dawa: ondoa kerneli, mtandao utapaa. Nakusudia kuonyesha kwamba huo ni mwanzo tu wa habari yake, na kwamba miaka mingi iliyofuata imetumika kurudisha, kimoja baada ya kingine, vitu ambavyo kerneli ilikuwa ikitupa bila sisi kuvihesabu.

Kwanza tufanye hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu hii mtu hawezi kuelewa kwa nini wahandisi wenye akili timamu walifikia kuikwepa kerneli. Kadi ya gigabiti 10 kwa sekunde ikipokea pakiti ndogo kuliko zote zinazoruhusiwa katika Ethernet, yaani za baiti 64, kila moja huchukua nafasi ya baiti 84 kwenye waya, kwa kuwa hutanguliwa na baiti 8 za utangulizi na hufuatwa na pengo la baiti 12. Ukigawanya utapata pakiti milioni 14.88 kila sekunde, au pakiti moja kila nanosekunde 67.2. Kichakataji cha gigahezi 3 kinapata mapigo kama 200 tu ya saa yake ya ndani ya kuishughulikia pakiti hiyo kabla ya nyingine kufika. Kufuata kitu kimoja ambacho hakimo kwenye kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na kichakataji, hadi kwenye kumbukumbu kuu na kurudi nacho, kunaweza peke yake kumaliza muda huo wote. Kwenye kadi ya gigabiti 100 muda huo ni nanosekunde 6.72, na mapigo ni 20.

Kerneli ya Linux haikuandikwa kwa hesabu za namna hiyo, wala hilo si kosa lake. Iliandikwa ili ihudumie programu nyingi zisizojuana wala kuaminiana, kwenye mashine moja, kwa haki na kwa usalama. Pakiti ilipofika, kadi ilipiga hodi kwa ishara ya kukatiza, kichakataji kikaacha kilichokuwa kikifanya kikaenda kufungua. Kerneli ikaitengea pakiti sehemu ya kumbukumbu, ikaipitisha kwenye kanuni za fayawoli, ikatafuta ni soketi ipi, yaani mlango wa programu ipi, inayoimiliki, kisha ikainakili kutoka eneo lake hadi eneo la programu, ambayo nayo ilikuwa imeiomba kwa mwito wa mfumo wenye gharama yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wahandisi wa Linux walizipunguza hodi hizo kwa utaratibu uitwao NAPI: mzigo ukizidi, ishara huzimwa na kerneli huenda yenyewe kuchukua pakiti kwa mafungu. Utaratibu huo ulisaidia sana na upo hadi leo. Hata hivyo kutenga kumbukumbu, kunakili na kuvuka mpaka kati ya kerneli na programu kulibaki palepale.

DPDK ilianzia Intel mwaka 2010. Wakati huo vifaa vikubwa vya mawasiliano, ruta na fayawoli za kampuni za simu, vilitegemea vichakataji maalumu vilivyotengenezwa kwa kazi ya kusukuma pakiti tu, na watu wengi wa fani waliamini kwamba kichakataji cha kawaida cha seva hakiwezi kazi hiyo. Mhandisi wa Intel aliyeitwa Venky Venkatesan, ambaye jumuiya nzima humtaja kama baba wa DPDK, pamoja na wenzake, waliona kwamba tatizo halikuwa kichakataji bali namna kilivyokuwa kinatumiwa. Magazeti huwa yanataja kampuni na kusahau watu. Jina hili linastahili kujulikana na wasomaji wa Kiswahili wanaojifunza fani hii.

Walichofanya kinaelezeka kwa maneno ya kawaida. Kadi ya mtandao iliondolewa mikononi mwa kerneli, na rejesta zake, yaani sehemu za kuiamuru, zikawekwa ndani ya eneo la kumbukumbu la programu yenyewe. Kiini kimoja cha kichakataji, yaani sehemu yake moja kati ya zile zinazoweza kufanya kazi kwa kujitegemea, kilikabidhiwa kazi moja tu ya kuitazama kadi bila kupumzika, kama bawabu aliyesimama mlangoni, hivyo haikuwepo tena haja ya hodi. Pakiti hazikuchukuliwa moja moja bali kwa mafungu, kwa kawaida hadi 32 kwa mara moja, ili gharama ya kila hatua igawanywe kwa zote, na wakati pakiti ya kwanza inashughulikiwa kichakataji kilikuwa kimekwisha kuagizwa kuivuta inayofuata iingie kwenye kashe. Kumbukumbu ya pakiti zote ilitengwa mara moja programu inapoanza, na bafa, yaani visehemu vya kumbukumbu vya kuwekea pakiti, zikawa zinatumika, zinarudishwa ghalani, zinatumika tena, bila mtu kuomba kumbukumbu mpya katikati ya kazi. Kati ya kiini na kiini pakiti zilipitishwa kwa foleni za duara zisizotumia kufuli, ili kimoja kisisimame kumsubiri mwenzake.

Kuna jambo moja katika usanifu huo ambalo nalipenda kuliko yote, nalo ni kurasa kubwa za kumbukumbu. Kichakataji kina daftari dogo la ndani linalokumbuka kila anwani ya programu iko wapi katika kumbukumbu halisi, na daftari hilo lina mistari michache. Kwa kawaida kila mstari hubeba ukurasa wa kilobaiti 4. Programu inayoshughulikia maelfu ya bafa huimaliza mistari hiyo haraka, na kila anwani isiyomo daftarini inalazimu kwenda kutafutwa upya, kwa gharama ya muda ambao, kama tulivyoona, haupo. DPDK ilitumia kurasa za megabaiti 2, au za gigabaiti 1, ili mistari ileile michache ifunike kumbukumbu yote. Hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa hapo. Uwezo huo ulikuwa tayari ndani ya kichakataji, ukisubiri mtu wa kuutumia.

Intel haikuwa peke yake katika fikra hii. Kampuni ya Solarflare ilikuwa na OpenOnload, iliyohamishia itifaki ya TCP upande wa programu na kupendwa na masoko ya fedha. Nchini Italia, Luigi Rizzo wa Chuo Kikuu cha Pisa alichapisha mwaka 2012 kazi yake iitwayo netmap, akaonyesha kiini kimoja cha megahezi 900 kikitoa pakiti zote milioni 14.88 kwa sekunde. Naitaja netmap kwa sababu ilichagua njia nyingine: kerneli ilibaki kuwa mwenye kadi, nayo programu ilipewa tu dirisha la kuzifikia bafa. Kwa hiyo tangu mwanzo palikuwa na maoni mawili kati ya wahandisi hodari, ama kuiondoa kerneli kabisa, ama kuiomba isogee kidogo. Mjadala huo ndio uti wa mgongo wa yaliyofuata, na vijana wetu hawausikii.

Kuiondoa kerneli kabisa kuna bei. Niliijua bei hiyo usiku mmoja nikiwa kazini, nikiandaa seva iliyokuwa mbali na nilipokuwa nimekaa. Nilitoa amri ya kuihamisha kadi kutoka kwenye kerneli kwenda DPDK, na papo hapo skrini yangu ikaganda. Kadi niliyoihamisha ndiyo iliyokuwa imebeba mawasiliano yangu na seva ile. Kwa kerneli, kadi ile haikuwepo tena: haikuwa na anwani, haikujibu, wala haikuonekana katika orodha ya vifaa vya mtandao. Ilibidi mtu aamshwe aende kwenye chumba cha seva. Kosa lilikuwa langu, lakini lilinifundisha maana halisi ya neno kukwepa. Siku zilizofuata niligundua kwamba na zana zangu zote za kazi zimepotea pamoja na kadi. Zana ya kunasa pakiti ili nizichunguze haikuona kitu, kanuni za fayawoli hazikugusa pakiti hata moja, na hesabu za makosa ya kadi hazikujitokeza mahali nilipozoea kuzisoma. Hata kujibu swali la nani ana anwani fulani, jambo ambalo seva hulifanya tangu siku ya kwanza bila kuambiwa, lilikuwa sasa ni jukumu la programu yangu.

Hapo ndipo penye hoja kuu ya barua hii. Maktaba iliyoshinda kwa kutupa mizigo ilijikuta, kadiri watu walivyoitegemea, inadaiwa mizigo ileile. Namna ilivyolipa madeni hayo ndiyo historia ninayoomba isimuliwe.

Deni la kwanza lilikuwa la umiliki. Msimbo wa DPDK ulitolewa chini ya leseni ya BSD, ambayo ni huria, lakini kwa miaka ya mwanzo ulikuwa wa Intel kwa kila hali: kadi za Intel, vichakataji vya Intel, na matoleo yaliyotoka Intel ilipoamua. Mwaka 2013 kampuni ya Kifaransa 6WIND ilifungua tovuti ya dpdk.org, ikaweka msimbo mahali ambapo yeyote angeweza kupeleka marekebisho yake na kuyaona yakijadiliwa hadharani. Huo ulikuwa uamuzi mkubwa kuliko mbinu yoyote ya kashe. Mwaka 2015 draiva, yaani programu za kuendeshea kadi, za kampuni ya Mellanox ziliingia, na kabla ya mwaka huo kwisha maktaba ilikuwa inafanya kazi kwenye vichakataji vya POWER vya IBM na vile vya Arm. Washindani wa Intel wakawa wanaandika msimbo katika nyumba ileile na Intel. Aprili 2017 mradi uliingia chini ya Linux Foundation, taasisi inayosimamia miradi ya programu huria, ukiwa na bodi yenye wajumbe kutoka kampuni zinazoshindana sokoni, Arm, Cavium, Intel, Mellanox na NXP zikiwemo. Tangu hapo mtu hakuweza tena kusema kwa haki kwamba DPDK ni chambo cha kuuzia vichakataji vya kampuni moja. Baadaye vichakataji vya aina ya RISC-V, na vya LoongArch ya China, navyo vilipata nafasi, zote mbili mwaka 2022.

Deni la pili linanigusa zaidi kwa sababu nimekesha usiku mwingi kwa ajili yake. Kerneli ya Linux ina ahadi inayojulikana: programu iliyofanya kazi jana itafanya kazi leo, hata kerneli ikibadilika yote. DPDK haikuwa na ahadi hiyo. Kuanzia Aprili 2016 matoleo yalianza kuitwa kwa mwaka na mwezi, la kwanza likiwa 16.04, na yakawa yanatoka kwa utaratibu, manne kwa mwaka. Utaratibu huo ulifurahisha waandishi wa maktaba na kuwachosha watumiaji wake, kwa sababu karibu kila toleo lilibadilisha majina ya vitendakazi au mpangilio wa data, na programu iliyokuwa imeunganishwa na toleo la zamani haikukubali jipya. Kila miezi mitatu ulipaswa kuamua: ama kuandika upya sehemu za programu yako, ama kubaki na toleo lenye kasoro zilizokwisha kurekebishwa kwingine. Wengi walibaki, na wakabaki kwa miaka. Mtu anayeendesha fayawoli ya benki juu ya toleo lisilorekebishwa amenunua kasi kwa usalama wa watu wengine, na sidhani kwamba biashara hiyo ni halali.

Jumuiya ililisikia hilo. Toleo la 16.11 likawa la kwanza kuahidiwa marekebisho kwa muda mrefu, usiopungua miaka miwili, na tangu hapo toleo la Novemba la kila mwaka limekuwa likipewa hadhi hiyo. Kisha kwa toleo la 19.11 ikawekwa sera ambayo naiona kuwa hatua ya ukomavu kuliko zote: kiolesura kati ya maktaba na programu zinazoitumia kisivunjwe kwa mwaka mzima, hivyo programu iliyojengwa kwa 19.11 iendelee kufanya kazi na matoleo ya 2020 hadi Novemba inayofuata. Mwaka mmoja si ahadi ya kerneli, ambayo haina kikomo. Lakini mtu aliyepitia miaka ya 2014 na 2015 anajua umbali uliotembewa. Na mwaka 2022 matoleo yakapunguzwa kutoka manne hadi matatu kwa mwaka, jambo lililotupa nafasi ya kupumua.

Kuna madeni mengine yaliyolipwa kimya kimya. Kwa miaka DPDK ilikuwa inachukua kumbukumbu yake yote inapoanza na hairudishi hata baiti hadi izimwe, tabia inayovumilika kwenye kifaa cha kazi moja lakini isiyofaa kwenye seva inayobeba mashine pepe za wateja kadhaa. Toleo la 18.05, la Mei 2018, lilisanifu upya sehemu hiyo ili kurasa kubwa ziombwe na kurudishwa programu ikiendelea kufanya kazi. Toleo hilo lina uzito wa pekee kwa sababu nyingine: Venky Venkatesan alifariki dunia mwaka huohuo, na wenzake wakalitoa kwa heshima yake. Kwamba muasisi aliiacha maktaba ikianza kurudisha kumbukumbu ambayo yeye na wenzake waliifundisha kuishika ni jambo ninalolifikiria mara nyingi, na kwangu ni dalili ya kazi iliyojengwa na watu wasioogopa kurekebisha ya kwao.

Nirudi kwenye kerneli, maana ndipo uhusiano ulipobadilika zaidi. Mwanzoni DPDK ilikuja na moduli zake za kupachika ndani ya kerneli. Moja, igb_uio, ilikuwa ya kuikabidhi kadi kwa programu. Nyingine, KNI, ilikuwa ya kurudishia kerneli pakiti zile ambazo programu haikutaka kuzishughulikia. Zote zilibeba hatari. Kadi ya mtandao huandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya mashine, na programu iliyopewa kadi bila mlinzi inaweza, kwa kosa au kwa hila, kuiamuru iandike mahali popote, hata juu ya kerneli yenyewe. Linux ilipata jibu sahihi mwaka 2012 kwa utaratibu wa VFIO, unaotumia kifaa cha IOMMU kuiwekea kadi mipaka ya kumbukumbu inayoruhusiwa kuigusa, na DPDK ikaukubali. Moduli ya igb_uio ilitolewa nje ya msimbo mkuu katika toleo la 20.11, na KNI ikaondolewa kabisa katika 23.11, nafasi yake ikichukuliwa na njia ambazo kerneli yenyewe inazitambua. Naweza kusema kwamba maktaba ilianza kwa kuingia nyumbani kwa kerneli kwa dirishani, na miaka 13 baadaye inapita mlangoni kwa ruhusa.

Kadi za Mellanox zilikuwa zimeonyesha mapema kwamba ruhusa na kasi vinaweza kukaa pamoja. Draiva zake haziinyang'anyi kerneli kadi. Kerneli hubaki na udhibiti, kadi hubaki katika orodha ya vifaa, na ni mtiririko wa pakiti uliochaguliwa tu unaoelekezwa moja kwa moja kwa programu. Laiti seva yangu ya usiku ule ingekuwa na kadi ya namna hiyo, yale yasingetokea.

Wakati huohuo kerneli nayo haikukaa ikitazama. Mwaka 2016, katika Linux 4.8, iliongezwa XDP, inayoruhusu programu ndogo iliyokaguliwa na kerneli kuamua hatima ya pakiti ndani ya draiva kabla gharama zile kubwa hazijaanza. Mwaka 2018, katika Linux 4.18, ikaja AF_XDP, soketi ya aina mpya inayopeleka pakiti hadi kwenye kumbukumbu ya programu, na draiva ikiwezesha, bila kunakili. Msomaji aliyefuatilia ataona kwamba hiyo ni karibu sana na njia aliyoipendekeza Rizzo kutoka Pisa. Wapo waliotangaza kwamba DPDK sasa imekwisha. Badala yake, toleo la 19.05 lilikuja na draiva inayotumia AF_XDP yenyewe, kwa maana kwamba maktaba iliyozaliwa ili kuikwepa kerneli ikawa tayari kuipokea pakiti kutoka mkononi mwa kerneli, pale ambapo mwenye mashine anataka hivyo. Kwa maoni yangu hakuna tukio lingine katika historia yake linalosema zaidi ya hilo.

Deni ambalo bado halijalipwa lote ni la umeme. Bawabu niliyemtaja hapo juu halali. Kiini kinachotazama kadi huonekana kinafanya kazi kwa asilimia 100 saa tisa za usiku, hata kama hakuna pakiti moja inayopita. Kwa miaka mingi maktaba imekuwa na njia za kupunguza kasi ya kichakataji mzigo ukipungua, na mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 ziliongezwa njia za kukipumzisha kiini kikiwa kinasubiri kadi iandike kitu kwenye kumbukumbu, kwa kutumia maagizo mapya ya vichakataji. Ni maendeleo mazuri, lakini hayawashwi yenyewe. Katika vyumba vya seva vya kwetu, ambako umeme ukikatika jenereta huchukua zamu na mafuta yake hulipwa kwa lita, mhandisi anayeacha viini vinane vikizunguka bure usiku kucha anapaswa kujua kwamba kuna swichi ya kuvituliza.

Sitaeleza kwa kirefu namna maktaba ilivyopanuka kuelekea usimbaji fiche, ubanaji wa data, mawimbi ya redio na hata vichakataji vya michoro, maana kila moja lina habari yake. Inatosha kusema kwamba Open vSwitch, inayounganisha mashine pepe katika wingu, inaweza kutumia DPDK, na kwamba VPP, programu ya kusukuma pakiti ambayo Cisco iliufungua msimbo wake mwaka 2016, imejengwa kwa kuitumia. Sehemu ya mtandao wa 5G inayopitisha data za mtumiaji mara nyingi huandikwa juu ya mojawapo ya hizi. Kwa hiyo hii si habari ya maabara za mbali. Mwaka 2009 mikongo ya SEACOM na TEAMS ilipofika Mombasa tulifurahia uwezo uliokuja na waya. Sehemu ya uwezo tunaoutumia leo imekuja na msimbo ulioanza kuandikwa wakati uleule.

Nina ombi juu ya lugha pia. Nimeandika kerneli kwa makusudi, si kiini, kwa sababu kiini tayari tunakitumia kwa sehemu za kichakataji, na mwanafunzi akikutana na neno moja lenye maana mbili katika sentensi moja atapotea. Dawati lako la teknolojia likikubali kushikilia maneno mamoja, kerneli, kiini, pakiti, bafa, draiva, litakuwa limewasaidia walimu wengi ambao kwa sasa kila mmoja ana maneno yake.

Na mwandishi wako atakapokwenda tena kuhoji kampuni inayotangaza mtandao wa kasi, namwomba aulize maswali mawili zaidi ya yale ya minara na masafa: programu inayopitisha pakiti ndani ya seva zao imejengwa juu ya toleo lipi, na ni nani aliyepewa kazi ya kuweka marekebisho ya usalama yanapotoka. Majibu yachapishwe kama yalivyotolewa. Mimi na wenzangu tutayasoma kwa makini, na nipo tayari kumsaidia mwandishi huyo kuyafafanua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhandisi wa mitandao ya kompyuta,
Dar es Salaam